Hamu ya Kuita Mami

Gladwell ni fundi wa cherehani mtaani Matisi, Kitale. Ukimpelekea suruali Jumatatu akakwambia urudi Ijumaa, Ijumaa utaikuta tayari, imepigwa pasi na vifungo vyake vyote viko mahali pake. Mafundi wa namna hiyo ni wa kutafutwa kwa tochi, maana wengine tumewazoea: Ijumaa yao huangukia Jumatano ya wiki ya tatu, na bado watakuuliza kama umeleta uzi. Kibanda chake cha mabati kimebanwa katikati ya duka la kutuma pesa na mama wa chapati, na kutwa nzima husikia habari za pande zote mbili bila kuuliza.

Kushona alifundishwa na mama yake, Nyaguthii, huko Bungoma. Nyaguthii alitoka Nyeri akiwa msichana, amemfuata mume aliyekuwa karani. Mume alifariki mapema, naye hakurudi kwao. Alibaki na cherehani moja na mtoto mmoja, akashona sare za shule katika soko la Bungoma kwa karibu miaka thelathini, na Kibukusu akakizungumza mpaka wenyewe wakasahau kwamba ni mgeni. Alinunua kijishamba karibu na Mabanga, na humo ndimo alimozikwa miaka sita iliyopita, baada ya kuugua wiki tatu tu. Tangu siku hiyo Gladwell hajamwita mtu yeyote Mami.

Hapo lazima tuelezane kidogo. Kwa Wakikuyu jina la mtoto halichaguliwi kwa sababu linapendeza masikioni. Msichana wa kwanza ni wa mama yake baba, wa pili ni wa mama yake mama, na mambo yameisha. Na mtoto akishapewa jina hupewa na heshima yake: mwanamke aliyezaa msichana wa jina la mama yake humwita msichana huyo Mami, hata kama bado yuko kwenye nepi, hata kama ametoka kumwaga maziwa kwenye kochi. "Mami, shuka hapo utaanguka." Gladwell alikuwa amewasikia wanawake wakiita hivyo maisha yake yote bila kutilia maanani. Baada ya mazishi ikawa akilisikia neno hilo sokoni anageuka, kisha anabaki amesimama na nyanya mkononi, amesahau alikuwa ananunua za nini. Hakutaka mali wala nyumba ya ghorofa. Alitaka kusema Mami, na pawe na mtu duniani ambaye ndiye anayeitwa.

Mama mkwe wake, Rosaline, Gladwell alimwita Mama, kwa heshima zote, na Rosaline alistahili. Lakini Mama ni Mama na Mami ni Mami. Hayo mawili hayakuwahi kuchanganyika kinywani mwake.

Alipopata mimba ya kwanza hakuwa na haraka. Foleni aliijua: kwanza Rosaline, ambaye jina lake la Kikuyu ni Wamuyu, kisha Nyaguthii. Mwezi wa nane presha ikampanda, akashikwa na kifafa cha mimba, akapasuliwa hajitambui, akazinduka siku ya tatu tumbo likiwa tupu. Mtoto alikuwa wa kike na alizaliwa amekufa. Kufikia hapo Ndirangu, mume wake, na Rosaline walikuwa wameshamzika shambani kwa Rosaline, Kiminini. Gladwell hakumwona hata kidole.

Kisha nyumba yote ikanyamaza. Daktari aliyemruhusu kwenda nyumbani alikuwa amesema mgonjwa asisumbuliwe akili, na watu wa Ndirangu ni watiifu kupindukia. Wakiambiwa jambo wanalitekeleza mpaka linaota mizizi. Nguo ndogo zilitolewa nyumbani kabla yeye hajarudi. Jirani akianza kusema pole, Rosaline alimkatiza kwa kumuuliza bei ya mahindi. Ndirangu, ambaye kazi yake ni kusafirisha mahindi hayo kwa lori, akawa anarudi nyumbani na mandazi kila siku, na mdomo wake akautumia kwa mandazi tu. Hakuna aliyemtaja mtoto yule. Gladwell akaamua, na nani angeamua vingine, kwamba kwao mtoto yule hakuwa mtu.

Miaka miwili baadaye akashika mimba tena. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, na daktari alimwambia wazi kwamba kwa umri huo na presha hiyo, huyu awe wa mwisho. Kipimo cha picha kikaonyesha msichana. Ndirangu alicheka peke yake njiani mpaka nyumbani. Gladwell alikuwa anahesabu. Kama yule wa kwanza hakuwa mtu, basi huyu ndiye wa kwanza, na wa kwanza ni Wamuyu. Wa pili hatakuwepo. Ama huyu awe Mami, ama neno hilo alizike mara moja.

Habari zilipofika Kiminini, akina mama wa kanisa la Rosaline walimwimbia. "Wamuyu anazaliwa!" wakasema, wakampigia vigelegele, na Rosaline, mjane wa miaka sitini na minane mwenye mtoto mmoja tu wa kiume, akacheza mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Alikuja Matisi kusimulia hayo yote, na kucheza kwenyewe akakurudia palepale sebuleni. Gladwell alicheka pamoja naye. Kisha akaenda chooni, akafungua bomba ili asisikike, akalia.

Kwenye kliniki walimpima presha wakaipima tena. Ilikuwa mia moja arobaini na nane kwa tisini na sita. Akaandikiwa vidonge, akapelekwa kwa Sista Chepkemei, muuguzi wa kutoka Cheptais, mwanamke mfupi wa sauti ya kuamrisha ng'ombe, aliyekuwa na kikundi cha wajawazito kila Jumanne kwenye mabenchi nyuma ya maabara. "Presha haitokani na mawazo peke yake," aliwaambia siku ya kwanza, "kwa hivyo mtu asijilaumu, na vidonge mnameza. Lakini mawazo yakichemka kutwa nzima, mwili nao unajua. Hiyo sehemu ndio tunakuja kufanyia kazi hapa."

Kwanza aliwafundisha kupumua, jambo ambalo benchi zima liliona ni dharau. Mtu mzima amelipa nauli kutoka shambani kuja kufundishwa kupumua! Vuta pumzi ukihesabu nne, itoe polepole ukihesabu sita. Gladwell alijaribu nyumbani, hesabu ikampotea. Akajaribu kwenye cherehani: mikanyagio minne akivuta, sita akitoa, na mguu wake, uliokuwa unajua kuhesabu kuliko kichwa, ukamshikia mwendo. Wiki hiyo alishona sare kumi na moja za shule ya msingi na hakukosea mshono hata mmoja.

Pili ilikuwa saa ya wasiwasi. Usijikataze kuhofu, alisema Sista, utashindwa. Ipe hofu robo saa yake kila siku, kaa nayo, kisha ifungie mpaka kesho. Gladwell alichagua saa kumi jioni, akasahau kwamba hiyo ndiyo saa wateja wanakuja kuchukua nguo. Basi ikawa kila akianza kuhofu vizuri, mtu anabisha. "Mama, suruali yangu?" "Ngoja kidogo, niko na kazi," anajibu, na hakuna kazi inayoonekana. Mama wa chapati akawatangazia watu kwamba fundi siku hizi anaomba Mungu saa kumi.

La tatu ndilo lililomshinda. "Hisia ikija, iite kwa jina," Sista alisema. "Usiseme tu najisikia vibaya. Vibaya ni nini? Hasira? Woga? Wivu? Haya? Ukijua unaongea na nani, utajua utamwambia nini." Wengine walitaja. Mmoja alisema ana hasira na mume wake, wakamwuliza kuhusu nini, akasema kuhusu kila kitu, wakacheka wakamwelewa. Gladwell alisema, "Nimechoka tu." Sista akamtazama akamwandika.

Na sasa kosa alilolifanya. Kitabu cha kliniki kina mahali pa kuandikwa jina la mtoto, na mahali hapo huachwa wazi mpaka mtoto aonekane na alie. Kila mtu anajua. Hata wasioamini mwiko wowote hupaacha wazi. Jioni moja, robo saa yake ikiwa imefika na mteja hayupo, Gladwell alichukua penseli anayotumia kuandikia vipimo, akaandika hapo: Nyaguthii. Alitaka tu kuliona. Kwa kweli lilimtuliza kuliko kupumua kote. Akakusudia kulifuta, kisha akaja mtu na koti la kupunguzwa mikono, na kitabu kikarudi nyumbani, sandukuni, vilevile.

Jumanne iliyofuata Rosaline alikuja kumsindikiza. Gladwell alikuwa anafunga viatu, na kwa tumbo la miezi saba hiyo ni kazi ya kutwa. "Mama, niletee kitabu huko kwa sanduku," akasema, akakumbuka papo hapo, akasimama na kiatu kimoja. Mlangoni mwa chumba alimkuta Rosaline amevaa miwani, kitabu kimefunguka mikononi. Alikuwa anatafuta tarehe ya kurudi. Alikitazama kitambo. Akavua miwani, akaikunja, akakifunga kitabu.

"Twende," alisema, "tutachelewa."

Hakusema neno lingine kuhusu jambo hilo siku hiyo, wala wiki hiyo, wala iliyofuata. Aliendelea kuleta unga wa uji wa wimbi na kunde za shambani, akaendelea kusema kula, lala kwa upande wa kushoto, usiinue ndoo. Gladwell akayapekua maneno hayo yote kutafuta sumu. Rosaline akisema kula, alisikia: kula, mwizi wa majina. Asipokuja siku mbili, basi amesusa. Akija, amekuja kupeleleza. Ungemwambia kwamba mama mkwe wake ana maumivu ya goti tu, angekucheka. Mama huyu alikuwa hajamtendea ubaya hata siku moja, na hilo lilimuumiza zaidi kuliko kama angekuwa mbaya.

Presha ikafika mia moja hamsini na mbili. Sista Chepkemei aliongeza dawa, akapima mkojo, akashukuru kuona hauna protini. Kisha akamkalisha kwenye benchi mbele ya wenzake na kusema, "Wewe wiki sita sasa umechoka tu. Leo hatuondoki. Uko na nini?"

"Hasira," Gladwell akasema. Akafikiri. "Hapana. Woga." Akafikiri tena, akavuta pumzi kwa hesabu ya nne, na kilichotoka hakuwa amekipanga. "Niko na hamu."

"Ya mawe ama ya udongo?" akauliza mmoja, maana hamu za wajawazito wa kwetu zinajulikana, na benchi likacheka.

"Ya kuita mtu Mami."

Hakuna aliyecheka tena. Aliwaeleza yote: mama yake, yule mtoto wa kwanza, foleni, kitabu, miwani ikikunjwa. Alipomaliza, Sista aliomba mkono wake, hakuupima, akaushika tu. "Haya mambo umeambia nani kwenu?" aliuliza. Hakuna. "Basi hiyo ndio kazi yako ya nyumbani. Sisi hapa tumesikia, lakini si sisi tunatoa jina."

Alimwambia Ndirangu jioni hiyohiyo, wakila. Ndirangu alisikiliza mpaka katikati, macho yamejaa hofu ya mtu aliyewahi kusimama nje ya chumba cha upasuaji, akaweka kijiko chini. "Gladwell, tafadhali," alisema, "wacha kufikiria hayo mambo. Presha itapanda."

Kumbe kukatazwa huko ndiko kulikokuwa kumemkaba miaka miwili yote. Gladwell hakupiga kelele. Alimeza kidonge chake, akalala, na asubuhi akampigia Sista simu kumwambia anaenda kwao Bungoma siku chache. Sista akamuuliza hospitali ya karibu iko wapi, akamsisitizia kwamba akiumwa kichwa sana, akiona vimulimuli au uso ukivimba, asingoje mtu yeyote. Ndirangu alimbebea mkoba mpaka stendi. Alitaka kusema kitu, akanunua mandazi.

Mabanga, nyumba ya Nyaguthii iko chini ya ulinzi wa Nasimiyu, jirani yake wa miaka yote, mwanamke aliyeshonewa nguo zake zote na marehemu na bado anazivaa. Alimpokea Gladwell kwa kumzungusha mara mbili kama anakagua gauni. "Huyu mtoto amekaa chini sana," alisema. "Keti. Reta hiyo miguu." Akaichukua miguu iliyovimba, akaitia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akaisugua mwenyewe, akakataa kukatazwa.

Mchana Gladwell alikwenda kaburini. Ni pembeni mwa shamba, baada ya maharagwe, na Nasimiyu alikuwa amepalilia. Alitazama kushoto na kulia kama mtu anayetaka kuiba, akasema, "Mami." Redio ya jirani ilikuwa inatangaza matokeo ya mpira. Upepo ulipita kwenye maharagwe. Alisema tena kwa sauti, na tena, na mara ya mwisho alipiga kelele kabisa, akakaa kwenye nyasi akalia jinsi ambavyo hakulia siku ya mazishi, siku ambayo alikuwa na wageni wa kulisha. Mtoto alimpiga teke tumboni. Akalia huku amelishika tumbo, akaanza kuhesabu nne, akaanza kuhesabu sita, hana cherehani wala mwendo, mpaka pumzi ikaja yenyewe.

Nasimiyu alikuwa amemfuata na kiti. "Nimesikia," alisema. "Mimi pia naitanga yeye nikipalilia hapa. Hasemi kitu." Akamkalisha. "Sikia, mtoto wangu. Wewe hutazaa mama yako. Utazaa mtoto, na mtoto atakuwa wake mwenyewe. Hata ukimpatia jina rake, Nyaguthii amerara hapa."

"Najua," Gladwell alisema, na hakuwa anajua.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, Rosaline aliingia kwenye boma lile na kiondo. Alikuwa amesafiri peke yake kutoka Kiminini na goti lake, hajawahi kufika Mabanga tangu mazishi. Alisalimiana na Nasimiyu kwa mikono miwili, akatoa kwenye kiondo unga wa uji, maziwa, na vidonge vya presha ambavyo Gladwell alikuwa amevisahau mezani Matisi, Ndirangu akavituma kwa matatu. Nasimiyu akakumbuka kwamba ana kuku wa kulisha.

"Ndirangu ameniambia," Rosaline alisema. "Amelia kwa simu. Mtu mkubwa hivyo." Akakaa. "Nitaongea, na wewe kama utasikia kichwa kinauma utaniambia ninyamaze."

"Ongea, Mama."

"Hicho kitabu niliona. Sikukasirika. Nilinyamaza juu tuliambiwa usisumbuliwe. Hata kwa yule wa kwanza tulinyamaza juu ya hiyo. Nikadhani nakufunika." Alitazama maharagwe. "Siku ile ulikuwa hujui uko wapi. Walinipatia yeye kwa kitambaa. Mimi ndio nilimuosha. Alikuwa na nywele mingi, nyeusi, imelala hivi. Masikio ilikuwa yako, hata hii kona."

Gladwell alishika sikio lake bila kujua. "Nywele nyingi?"

"Mingi sana. Nilichana na vidole."

Gladwell akalia, na safari hii Rosaline hakumkatiza na bei ya mahindi. Alingoja. Alipoona anaweza kuendelea, akaendelea.

"Tulipofika kwa shamba, Ndirangu ameshachimba, nikaona siwezi. Huwezi weka mtu kwa udongo bila kumuita. Nikamuita Wamuyu. Nilisema, Wamuyu, lala. Ndirangu alisikia, Mungu alisikia. Kwa hivyo mimi nilishazaliwa, Gladwell. Nilizaliwa nikalala. Huyu ni wa kwenu."

"Lakini Mama, ulicheza. Walikuimbia."

"Nilicheza," Rosaline alikubali. "Sitakudanganya. Waliponiimbia nilisahau kwa makusudi. Nilitaka kuitwa tena. Nani hataki? Niko na mtoto mmoja, na huyu ndio wa mwisho wenu. Nikaja nikaona hiyo penseli, nikasema Wamuyu, wewe unataka kuhesabiwa mara mbili, na yule wako wa Kiminini ahesabiwe sufuri." Alipangusa macho na ncha ya leso. "Ilinichukua wiki tatu kukubali. Hiyo ndio ilikuwa inaninyamazisha. Si wewe."

Gladwell aliinuka, akaenda akamkalia karibu, bega kwa bega, wanawake wawili kwenye benchi la mbao la marehemu. Alitaka kuuliza mengi. Aliuliza moja moja mpaka mchana: alikuwa mrefu? Kucha alikuwa nazo? Alivalishwa nini? Rosaline alijibu yote, na alichokuwa hakumbuki alisema hakumbuki.

Jioni walirudi pamoja, wakapitia Kiminini, na kwa mara ya kwanza Gladwell akaonyeshwa mahali alipozikwa mtoto wake. Pana ua la waridi ambalo Rosaline amelipanda mwenyewe na kudai kwa kila anayeuliza kwamba liliota tu. Jumanne iliyofuata presha ilikuwa mia moja arobaini na mbili. Sista alisema hiyo bado si ya kusherehekea na dawa haziachwi. Lakini aliandika, na chini yake akapiga mstari.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji wiki ya thelathini na saba, Kitale, Gladwell akiwa macho, amedungwa sindano ya mgongo. Aliogopa vibaya sana. Taa zilezile, harufu ileile. Aliuita woga kwa jina lake kwa sauti, mpaka daktari akauliza anaongea na nani. Kisha mtu mdogo akalia upande wa pili wa shuka ya kijani, kwa hasira kabisa. Ndirangu alipoulizwa jina hakusita. Alilitaja herufi kwa herufi, mara mbili, wasije wakalikosea.

Wiki tatu zikapita. Rosaline alihamia Matisi, akapika njahi, maharagwe meusi ya kumpa mzazi nguvu, akaosha nepi, akagombana na mama wa chapati kuhusu moshi. Watu walikuja wakamwita mtoto kwa jina lake. Gladwell alimwita mtoto, alimwita mrembo, alimwita wewe. Lile neno alilolitamani miaka sita hakulisema. Alilionea woga. Alikuwa ameliita kaburini akajua ukimya wake ulivyo, na hakutaka kuusikia tena ndani ya nyumba.

Alasiri moja mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mtoto alikuwa amelala kitandani, ngumi mbili zimekunjwa. Rosaline alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, anachambua maharagwe. Gladwell aliinama juu ya uso ule mdogo, akavuta pumzi.

"Mami," akasema.

Mtoto hakutikisika. Bila shaka hakutikisika. Ana wiki tatu, amelala. Lakini Gladwell alikuwa na tumaini la kipumbavu ambalo hakuwa amemwambia mtu, hata Sista. Nasimiyu alisema kweli. Mama yake alikuwa Mabanga, chini, na hakurudi. Machozi yakamdondokea mtoto kwenye shuka.

Rosaline aliacha maharagwe.

"Huyu hajui kuitika bado," alisema polepole. "Mama yako ukimuita alikuwa anaitika aje?"

Gladwell alipangusa machozi kwa kiganja. "Alikuwa anasema, 'Niko.'"

"Basi ita tena."

Gladwell alimtazama, akamgeukia mtoto.

"Mami?"

"Niko," akasema Rosaline.